Astana mwezi wa kwanza: baridi ile inafanyaje kazi na unajipangaje kabla hujapanda ndege

Wiki iliyopita mdogo wangu kaandika kwenye grupu la familia kwamba kapata mwaliko wa mkutano Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, mwezi wa kwanza, siku sita, tiketi na hoteli wanalipa waandaaji. Nikajua zitafuata pongezi, kumbe ni vurugu. Shangazi akauliza hiyo si ndo Pakistani? Binamu akatupia video ya mtu anarusha maji ya moto hewani yanageuka moshi, chini yake akaandika "huyu anaenda kufa huyu". Mjomba akasema akipiga vodka kidogo atakuwa sawa, na baba mdogo, ambaye alifundisha Makete, huko kwenye baridi ya Njombe, miaka mitatu, akasema baridi yeye anaijua, beba sweta mbili tu yaishe. Mimi nilishafika Astana, siku tano za mwezi wa pili, kwa hiyo nimepewa kazi ya kueleza, na kwa kuwa naona hata nje ya familia watu wanauliza yaleyale, naandika hapa moja kwa moja.

Tuanze na shangazi. Kazakhstan siyo Pakistan na siyo Urusi, ni nchi yake, ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti mpaka 1991, imelala kati ya Urusi kaskazini na China mashariki, viza yake ni yake (ya Urusi haikusaidii kitu, masharti waulize ubalozi wao mapema, usisubiri wiki ya safari). Mji mkuu zamani ulikuwa Almaty, huko kusini milimani, halafu 1997 serikali ikahamia kaskazini kwenye mji mdogo katikati ya nyika. Ukitaka kuelewa haraka fikiria Dar na Dodoma: mji mkubwa wenye watu na biashara ukabaki ulipo, serikali ikaenda katikati ya nchi, mahali pakavu penye upepo, ikaanza kujenga upya. Tofauti ni kwamba sisi tuliamua 1973 tukaja kuhama kweli kuanzia 2016, wao waliamua 1994 na kufika 1997 walishahama. Na Dodoma haina theluji, hilo nalo.

Jina ndo linachanganya watu wakikata tiketi. Mji huu umeitwa Akmolinsk, ukaitwa Tselinograd, ukaitwa Akmola (ambayo watu wengi hutafsiri "kaburi jeupe", jina la kutia moyo kabisa), 1998 ukawa Astana, 2019 ukabadilishwa kuwa Nur-Sultan kumuenzi rais wa kwanza Nursultan Nazarbayev, na 2022 ukarudi kuwa Astana. Neno lenyewe kwa Kikazaki maana yake ni mji mkuu, basi. Sasa uwanja wa ndege bado una alama ya NQZ, mabaki ya jina la Nur-Sultan, kwa hiyo ukiona NQZ kwenye tiketi usipige simu kulia kwamba umepelekwa mji mwingine. Ni huohuo.

Haya, baridi. Digrii tunazozisema hapa ni zile za sentigredi, sifuri ndo pale maji yanapoanza kuganda, na hasi maana yake umeshuka chini ya hapo. Dar ukiona 20 asubuhi watu wanatafuta sweta. Limuru au Njombe mwezi wa saba asubuhi unaweza kukutana na tano, sita, siku mbaya barafu kwenye majani ya chai. Friza ya nyumbani, ile ya kuwekea samaki, inawekwa kwenye hasi 18 hivi. Usiku wa kawaida wa mwezi wa kwanza Astana unacheza hapohapo kwenye hasi 18, yaani mji mzima umeingizwa kwenye friza mlango ukafungwa. Hiyo ni siku ya kawaida, wala siyo habari. Zikija siku zenyewe unaona hasi 30, hasi 35, na rekodi ya pale ni hasi 51.6. Kwenye miji mikuu ya dunia huwa inatajwa ya pili kwa baridi, ya kwanza ni Ulaanbaatar ya Mongolia.

Watu wanadhani ni kwa sababu iko karibu sana na ncha ya dunia. Hapana. Ukichora mstari kwenye ramani kutoka magharibi kwenda mashariki, Astana iko karibu sawasawa na London, na London mwezi wa kwanza wastani wake ni kama digrii 5 juu ya sifuri wakati Astana ni kama 14 chini. Kinachotofautisha ni bahari. Chukua sufuria kubwa ya maji na kikaango kikavu, vipashe moto vyote, kisha vitoe jikoni. Baada ya nusu saa kikaango unakishika kwa mkono na maji bado yanatoa mvuke. Bahari ni ile sufuria, inakusanya joto majira ya kiangazi na kulitoa polepole miezi yote ya baridi, ndo maana Tanga, Mombasa na Zanzibar joto halicheziki sana. Astana ni kikaango, iko katikati ya bara kubwa kuliko yote, bahari iko mbali kila upande, na kaskazini mpaka Siberia hakuna mlima wa maana wa kuzuia hewa ya baridi isishuke. Kikaango hichohicho mwezi wa saba kinapata moto haraka, digrii 30 na ushee ni kawaida, wenyeji wanatembea na kaptula. Mji uleule.

Jambo lingine lililonishangaza ni kwamba theluji haimwagiki kila siku kama kwenye filamu za Krismasi. Mji ni mkavu, mvua na theluji yake yote ya mwaka ukiipima haifiki ya Dodoma. Theluji ikishaanguka haiyeyuki, inakaa tu kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, ndo maana unaona nyingi. Na siku za baridi kali kabisa mara nyingi anga ni bluu safi na jua linawaka. Hapo ndo wageni tunapokosea, unachungulia dirishani unaona jua zuri unasema leo afadhali, kumbe leo ndo balaa. Mawingu ni kama blanketi, usiku wa mawingu joto halitoroki, anga likiwa wazi linapanda juu lote linapotea. Kwa hiyo kule jua siyo dalili ya joto, angalia namba kwenye simu.

Na ukiangalia namba utaona mbili, digrii halisi na "unahisi kama". Hii ya pili inaleta ubishi sana. Mtoto akipewa uji wa moto anaupuliza, siyo kwamba pumzi yake ni baridi kuliko hewa ya chumba, ila anausukuma ule mvuke wa joto uliokaa juu ya uji. Mwili wako nao una kajoto kembamba kamekaa juu ya ngozi, upepo ukija unakapuliza. Hasi 20 bila upepo unatembea unapiga stori. Hasi 20 na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inaona kama hasi 33, na hapo uso ulio wazi unaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa au hata dakika kumi. Lakini "unahisi kama" ni ya kiumbe mwenye joto tu, gari lililopaki au chupa ya maji haiwezi kushuka chini ya digrii halisi hata upepo uvume vipi. Astana upepo ni mwingi, ni nyika tupu. Ukichanganyika na theluji wanauita buran, huoni hata mkono wako, na barabara za kutoka nje ya mji zinafungwa. Ndo maana ukipanga kwenda Burabay kwenye maziwa na misitu, kilomita kama 250 kaskazini, acha siku ya akiba, na usipange kurudi leo na ndege kesho alfajiri.

Sasa nije kwa baba mdogo wa Makete, kwa sababu kosa lake ndo la wengi na ndo linaharibu mipango ya safari. Kwetu baridi iko kila mahali, nje digrii nane, chumbani digrii kumi, unalala na soksi na mablanketi matatu, unaoga maji ya kuchemsha huku unalaani. Kwa hiyo mtu anapiga hesabu kwamba kama Makete ni hivi basi hasi 25 nitalalaje. Kule ndani ya nyumba ni digrii 22, 24, wenyeji wanakaa na tisheti, wengine wanafungua dirisha kidogo kwa joto. Kuna mitambo mikubwa ya umeme inayochoma makaa ya mawe, na maji ya moto yanayotoka pale yanasambazwa mji mzima kwa mabomba mpaka kwenye vyuma vilivyo chini ya kila dirisha, yaani kama DAWASA, wale wa maji ya Dar, wangekuletea joto badala ya maji (na lingekuwa halikatiki). Milango ya majengo ni miwili miwili, unaingia wa kwanza unajifunga, ndo unafungua wa pili. Joto hilo siyo anasa, ni uhai. Mwezi wa kumi na moja 2022 mtambo wa mji wa Ekibastuz, kaskazini mashariki ya nchi, uliharibika wakati wa baridi kali na ikatangazwa hali ya dharura.

Kwa hiyo kwa siku nzima ya mgeni, baridi yenyewe ni dakika. Dakika nne kutoka hotelini hadi kwenye gari, dakika sita kutafuta mlango sahihi wa jengo (milango mingine majira ya baridi inafungwa, unazunguka jengo zima), ishirini ukiamua kupiga picha. Ukipanga safari usijiulize "nitavumiliaje siku sita," jiulize leo nitakuwa nje dakika ngapi kwa mkupuo na kuna mlango gani wa kuingilia katikati. Mimi siku ya kwanza sikujua hili, nikavaa kila kitu nilichonacho kuanzia chumbani, nikaingia ukumbini nimelowa jasho, halafu nikatoka nje na lile jasho. Sweta lilishika baridi mgongoni kama nimevishwa taulo lililotoka kwenye friji.

Ndo maana nasema koti moja zito halitoshi na wala siyo jibu. Unachovaa hakikupi joto, joto unalo wewe, nguo inazuia lisitoke, na kinachozuia vizuri ni hewa iliyotulia katikati ya nguo na nguo. Vaa tabaka: ya ndani kabisa inayobana mwili na siyo ya pamba, kwa sababu pamba inakunywa jasho na kukaa nalo, juu yake sweta la sufu unaloweza kulivua ukiingia ndani, halafu koti la manyoya ya bata lisilopitisha upepo, linalofunika makalio. Suruali ya jinzi peke yake ni adui, ndani yake vaa taiti nene, wanaume acheni aibu. Kofia lazima ifunike masikio. Glavu zile ambazo vidole vyote vinne vinakaa pamoja ni bora kuliko za vidole mbalimbali, vidole vinapashana. Buti chukua namba moja juu ili soksi nene iingie bila kubana, mguu uliobanwa damu haizunguki, unaganda upesi hata kwenye buti la bei.

Kununua usikimbilie maduka makubwa. Nenda masoko ya mitumba, Karume ya Dar au Gikomba ya Nairobi, asubuhi wakifungua mabelo, makoti ya theluji yapo, wauzaji wenyewe hawajui wamuuzie nani, unayapata kwa bei ya kuchekesha. Langu nililipata hivyo, zipu ya mfuko ilikuwa mbovu tu. Moshi na Arusha kuna wanaokodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro, kileleni kule usiku nako ni hasi kumi na zaidi kwa hiyo vinafaa. Buti ndo usibahatishe, soli ya mtumba wa zamani ikikutana na hasi 25 inaweza kuwa ngumu kama kigae ukateleza vibaya. Hizo nunua kulekule siku ya kwanza.

Mjomba na vodka. Pombe inafungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, unahisi joto usoni, kumbe ndo unalimwaga nje. Ni sawa na kufungua milango yote ya nyumba ili majirani wajue umewasha jiko. Chai ya moto ndani, sawa. Pombe kisha ukatoke nje utembee, hapana.

Na kuna hili la ngozi yetu, nalisema bila kuzunguka. Maelezo mengi yanakwambia ngozi ikianza kuganda inakuwa nyekundu halafu nyeupe. Kwetu sisi weusi wekundu huo huuoni vizuri, unachoweza kuona ni ngozi imepauka kama majivu, na dalili ya kweli ni kwamba maumivu yamekatika. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha askari wenye asili ya Afrika wanapata majeraha ya baridi kirahisi zaidi, kwa hiyo usijipime na mwenyeji anayetembea bila glavu. Pua, masikio, ncha za vidole. Ikiwa ilikuwa inauma na ghafla haiumi, usifurahi, ingia ndani, weka vidole kwapani, usisugue na theluji hata mtu akuambie nini. Hereni za chuma ziache hotelini. Mafuta ya mgando beba, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka.

Nikikumbuka nilivyotoka uwanjani mara ya kwanza, kitu cha kwanza kilikuwa puani. Nywele za ndani ya pua ziliganda kwa pumzi moja, unahisi vijiti. Cha pili ni sauti, theluji ikiwa baridi sana inalia chini ya buti, kama ukiminya mfuko wa unga wa ngano. Cha tatu simu, nilitoa kupiga picha ikiwa na chaji asilimia 60, picha ya tatu ikazima. Haijaharibika, betri baridi inashindwa tu kutoa umeme, ukiirudisha mfuko wa ndani karibu na mwili inaamka. Tiketi na anwani ya hoteli viandike kwenye karatasi. Wenye miwani, ukiingia ndani utakuwa kipofu dakika mbili, subiri tu mlangoni.

Ile video ya binamu ni ya kweli lakini haihusiani na kufa. Maji ya moto yakirushwa yanavunjika matone madogo sana na mvuke, yale madogo yanaganda hapohapo. Kuna wanaosema hiyo ndo ile kanuni ya Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba, hapana, ya Mpemba aliyoigundua 1963 akitengeneza aiskrimu shuleni ilikuwa mchanganyiko wa maziwa wa moto kuwahi kuganda kuliko uliopoa kwenye friza. Ila ukiyarusha maji hayo, upepo uwe mgongoni, watu wameungua.

Saa nayo. Tangu mwezi wa tatu 2024 Kazakhstan nzima inatumia saa moja, wako mbele ya Afrika Mashariki saa mbili. Lakini saa yetu ya Kiswahili kule inakufa kabisa. Sisi saa kumi na mbili ni jua kutoka au kuzama, kule mwezi wa kwanza mwanzoni jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi na robo. Adhuhuri, alasiri na magharibi vyote vimebanana ndani ya saa nne. Mizunguko yako ya nje iweke kati ya saa tano na saa tisa mchana. Anayeweza kuchagua aende katikati ya mwezi wa pili, baridi ni ileile ila jua linazama saa kumi na moja na nusu, unapata muda.

Mji wenyewe umekatwa na mto Esil, kulia ni mji wa zamani wa Kisovieti, kushoto ndo majengo mapya ya ajabu ajabu. Mnara wa Bayterek una sehemu ya kutazamia mji kwenye mita 97, namba hiyo imewekwa makusudi kwa ajili ya 1997. Kuna piramidi na kuna Khan Shatyr, hema la plastiki la mita 150, vyote vya msanifu majengo Mwingereza Norman Foster, na juu ndani ya hema kuna ufukwe, mchanga umetolewa Maldives. Mimi wa Tanga kulipa kiingilio kukaa kwenye mchanga, nilikataa, ila nilipanda kuchungulia. Kilichonikaa moyoni ni mtoni: maji yameganda unene wa kutembelea juu, wazee wamejifunika mifuko mikubwa ya nailoni mwili mzima, kila mmoja ndani ya mfuko wake ameketi juu ya kitundu cha barafu anavua samaki. Nilisimama pale dakika kumi na moja, nilihesabu.

Usafiri tumia teksi za kwenye simu, usisimame barabarani kupunga mkono. inDrive ipo, ileile ya Dar na Nairobi ya kupatana bei, na wengi hawajui kwamba ilizaliwa Yakutsk huko Siberia, madereva walipopandisha nauli wakati wa baridi ya hasi 45 watu wakaanzisha kundi lao mtandaoni. Ita gari ukiwa ndani, toka likishafika.

Chakula hakisumbui, Wakazaki wengi ni Waislamu, halali ipo. Nyama ya farasi utaletewa, hasa soseji yao ya kazy na kwenye beshbarmak, chakula chao cha nyama na tambi pana. Wa pwani wenye madhehebu ya Shafi msishtuke, kwenye madhehebu hayo inaruhusiwa. Maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kumis, yana kilevi kidogo, anayejizuia ajue. Na kuna baursak, unga umekandwa ukakaangwa kwenye mafuta, chai ya maziwa pembeni. Shangazi, ni mandazi. Madogo, hayana iliki, lakini ni mandazi.

Ndege unaweza kuunganisha Istanbul au Dubai. Koti libebe mkononi, begi likichelewa usiwe na tisheti mlangoni mwa uwanja. Langu mdogo wangu kaja kulichukua jana, kalijaribu sebuleni kwangu hapa Dar na feni ikizunguka, akatoka jasho dakika moja akalivua. Buti zangu hazimtoshi.